Punje Mbili za Tunda Moja

Hakuwa na jina la ukoo, kwa kuwa mtu aliyemmiliki mama yake hakuona haja ya kumpa. Hakuwa na siku ya kuzaliwa. Hakuwa na viatu mpaka alipoanza kuota ndevu. Hakuwa na baba wa kumtaja mbele za watu, wala kaburi la babu la kulionyesha kwa kidole na kusema, hapa ndipo kwetu. Hakuwa na shule, kwa sababu sheria ya jimbo lao ilimkataza mtumwa kusoma kama mwizi anavyokatazwa kushika funguo za ghala. Hakuwa na mtu wa kumsemea. Ndiyo maana akawa wakili.

Alexander Mutembei alishusha karatasi, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ilikuwa sherehe ya kuzindua kitabu, Bukoba mjini, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe. Mapadre wawili walikuwepo, walimu walikuwepo, mawakili vijana wenye suti za kubana walikuwepo, na wazee wa ukoo wa Mutembei walikuwa wameletwa kwa basi zima kutoka Muleba.

Katika safu ya tatu, Mzee Aristides Kahangwa wa Kagoma hakupiga makofi. Si kwamba hakufurahi. Midomo yake ilikuwa na kazi nyingine. Ilikuwa inayafuata maneno yale moja baada ya moja, kama muumini anavyomfuata padre kwenye sala anayoijua. Yalikuwa maneno yake. Ile sentensi fupi ya mwisho aliiandika mara nne, siku ya mvua, mpaka ikakaa sawa.

"Mwandishi hajisomei," alimnong'oneza mkewe, Vestina. "Ananisomea yeye, halafu ataniita."

Katika mfuko wa koti lake la kijivu, alilolipiga pasi ya mkaa alfajiri, kulikuwa na hotuba ya kurasa mbili.

Vestina alikuwa amepewa nakala ya kitabu mlangoni. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mumewe alivyomfundisha walipokuwa wachanga katika ndoa.

"Baba Joviana."

"Subiri, anaendelea."

"Hapa kwenye jalada. Natafuta jina lako. Naona la shemeji tu."

Mzee Aristides alivaa miwani. *Maisha ya Amos Ledyard, Mtu Mweusi wa Marekani: Wakili, Mwandishi na Balozi.* Chini yake, kwa herufi za dhahabu: *Alexander Mutembei, Wakili wa Mahakama Kuu.* Alifungua ndani, akidhani labda wachapaji wana utaratibu wao wa kuweka majina mawili mahali tofauti. Alilikuta lake kwenye ukurasa wa shukrani, kama kweli lilikuwa lake: *Namshukuru pia mzee mmoja wa Kagoma aliyenisaidia kupata baadhi ya kumbukumbu.*

Hakuinuka, wala hakupiga kelele. Alikunja ile hotuba mara moja, akaikunja tena, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

Ili uelewe uzito wa jambo lile, yafaa ujue kwamba hawa wawili hawakuwa marafiki wa kawaida.

Mwaka 1973 walisoma pamoja darasa la jioni la watu wazima pale Kagoma. Walikuwa vijana wa miaka ishirini ambao ada iliwashinda mchana, wakaja kuitafuta elimu usiku kwa taa moja ya kandili. Penseli yao ilikuwa moja, waliikata kati. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, Aristides aliminya tunda moja jekundu, zikatoka punje mbili zilizokuwa zimelaliana uso kwa uso. Akamwonyesha Mutembei. Hapo wakafanya jambo ambalo katekista alikuwa amelikataza na ambalo babu zao walilifanya kila kizazi: kunywana. Kila mmoja alijichanja kidogo kwa wembe karibu na kitovu, akapaka punje yake damu, na mwenzake akaitafuna na kuimeza kutoka kiganjani mwake.

"Nikikusaliti, punje hii inivimbie tumboni," alisema mmoja.

"Inivimbie tumboni," alisema wa pili.

Tangu siku hiyo hawakuitana rafiki. Waliitana munywani, na kwa Wahaya neno hilo linazidi ndugu, maana ndugu unapewa, munywani unammeza.

Nafasi ya kuendelea na masomo ilipotokea, baba yake Aristides akafa, naye akabaki kuwa mrithi wa kibanja, na migomba haiachwi peke yake. Mutembei akaenda. Hata barua ya kuombea ile nafasi aliiandika Aristides, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri zaidi. Mutembei akawa wakili, kisha akapelekwa ubalozini nje kwa miaka mitano, akarudi na kitambi na kofia nzuri. Aristides akawa tarishi wa mahakama. Kwa miaka thelathini na minne alibeba hati za wito kutoka Kishanda mpaka Ngenge, kwa baiskeli, na hakuna hati iliyowahi kupotea mikononi mwake.

Mwalimu wao wa jioni, padre mzee, alipoondoka nchini alimwachia Aristides kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kijani. Kilikuwa kinaeleza maisha ya Amos Ledyard. Aristides alikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki. Alipokimaliza hakutosheka, akaiandikia maktaba moja ya Marekani, wakamjibu na kumtumia nakala za magazeti ya zamani. Miaka kumi na moja aliandika. Kila jioni, baada ya kuegemeza baiskeli ukutani na kuosha miguu, alikaa na daftari kubwa na kumhamishia Amos kwenye Kiswahili, ili mtoto wa Kagoma ajue kwamba mtu anaweza kuanza bila chochote. Alijivunia jambo moja kuliko yote. Aliwaambia wote, kuanzia katekista mpaka wachuuzi wa samaki pale stendi: "Sijaongeza hata chumvi. Kilichomo ni kweli tupu."

Kisha Mutembei akaja, akasoma kurasa tatu, akasema, "Munywani wangu, hiki kitu ni dhahabu. Nipe nikakichapishe. Nitaandika dibaji." Aristides akampa nakala safi bila hata kumwandikisha. Nani humwandikisha munywani?

Mutembei alikuwa wakili. Alikuwa amefika ubalozini. Katika yale matatu ya Amos, alichokosa ni kitabu.

Walikutana nje ya ukumbi, karibu na gari la Mutembei. Watu walikuwa wakipiga picha.

"Ta Aristides! Umeona umati?" aliita Mutembei, kwa ile "Ta" ya Kihaya ya kumheshimu mzee.

"Nimeona jalada."

Mutembei akamshika bega, akamsogeza pembeni. "Sikiliza. Nani atanunua kitabu cha sheria na ubalozi kilichoandikwa na tarishi? Nimekifanyia wema kitabu chenyewe."

"Nimekiandika mimi."

"Umekiandika, ndiyo. Lakini kazi ya tarishi ni nini? Si kubeba? Basi umemleta Amos kutoka Marekani mpaka hapa, umenikabidhi, nimepokea na kutia sahihi." Akacheka mwenyewe kwa utani wake. "Tusigombane mbele za watu, bwana. Kuna pilau ndani."

Mama mmoja wa makamo mwenye mkoba wa ngozi alikuwa amesimama karibu. Akanyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Mimi ni Petronila, mhariri wa kitabu, kutoka Mwanza. Wewe ndiye mzee wa Kagoma aliyesaidia kumbukumbu?"

Mutembei alimtazama Aristides.

"Marahaba," alisema Mzee Aristides. "Mimi ni wa Kagoma."

Basi. Hakuweza zaidi. Mtu aliyekaa miaka sabini na moja bila kuombaomba hawezi kuanza kuomba jina lake kwenye maegesho ya magari. Petronila akampa kadi yenye anwani yake, naye akaiweka mfukoni pamoja na hotuba. Njiani kurudi Muleba, Vestina alisema neno moja tu: "Hata pilau hukula."

Mwezi wa kumi na moja senene walianguka. Vestina alikuwa uani akiwachambua mabawa, sufuria mapajani, pale gari la Mutembei lilipoingia katikati ya migomba.

"Hodi hapa! Ma Vestina, nyie hamzeeki?"

"Tunazeeka, shemeji, ila huji kuona. Karibu."

Mutembei alikuwa amebeba kitenge na mfuko wa sukari. Hakuna aliyeupokea, akauweka mwenyewe kwenye kibaraza. Alipokaa mkabala na Mzee Aristides, Vestina akatoka ndani na kile kikapu kidogo chenye mfuniko, cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo mgeni wa Buhaya hutafuna kabla ya mazungumzo. Kahawa hiyo hanyimwi mtu. Enzi zake za utarishi Mzee Aristides aliitafuna hata kwenye nyumba alizozipelekea hati za kufukuzwa.

Sasa aliweka kiganja juu ya mfuniko.

"Aseme kwanza kilichomleta."

Mutembei alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kikapu. Kisha akatoa barua. "Ni ya Petronila. Kitabu kimefika kwenye jopo linalochagua vitabu vya shule. Wamekipenda sana, munywani. Sana! Ila wamekwama ukurasa mmoja, wa sitini na moja. Wanataka kujua chanzo. Wasipopata, wanakirudisha, na watauliza kurasa nyingine zote. Sasa, mimi nimekaa ubalozini miaka mitano, nimekunywa kahawa na Wamarekani wa kila namna. Sijaona mmoja anayeitafuna. Hiki ulikitoa wapi?"

Mzee Aristides alimtazama usoni akitafuta tabasamu. Alidhani mwenzake anatania.

"Isome," alisema.

Mutembei akafungua kitabu. "*Amos na rafiki yake Fenton walijifunza herufi pamoja katika kibanda cha fundi viatu. Siku moja walipata tunda moja la kahawa, wakalipasua, wakakuta punje mbili zimelaliana. Kila mmoja akamtafunia mwenzake punje yake...*"

"Isome tena."

"Ta Aristides, sikuja kufanya mtihani."

"Polepole."

Mutembei akaanza upya, kwa sauti ya kuchoka. "*...wakakuta punje mbili zimelaliana. Kila mmoja akamtafunia mwenzake punje yake, wakaapa kwamba atakayesaliti, punje hiyo itamvim...*"

Hakumaliza neno. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshuka wenyewe mpaka kwenye vifungo vya chini vya shati, pale penye kitovu. Senene waliruka ndani ya sufuria ya Vestina, wakagonga ukingo, wakatulia.

"Aristides," alisema.

"Naam."

"Hawa ni sisi."

"Ulikaa nacho miezi minne," alisema Mzee Aristides. "Ukakipeleka kuchapwa. Ukasahihisha nukta na mikato. Ukaweka jina lako juu. Hukutuona?"

Mutembei aliutazama tena ukurasa kama mgeni, na hilo lilimchoma mzee kuliko lile jalada la dhahabu. Kuibiwa kitabu ni jambo moja, watu wanaiba. Lakini mtu kupita juu ya damu yako kwa macho yake mawili, akadhani ni habari za Wamarekani!

Kisha uwakili ulimrudia Mutembei. Alisogeza kiti. "Sawa. Nimekosa, nakubali. Ila tuangalie mbele. Kile kitabu cha kijani unacho bado?"

"Mchwa walikila. Limebaki jalada."

"Vizuri kabisa! Nani atabisha? Niandikie mistari mitatu tu, kwamba habari hiyo ilikuwa kwenye kitabu cha kijani, na wewe ulikisoma. Basi. Watoto wa shule watamsoma Amos nchi nzima. Si ndicho ulichotaka?"

"Unataka niwasingizie padre marehemu na Amos marehemu."

"Nataka uniokoe. Wewe ni munywani wangu."

Mzee Aristides aliinua kikapu, mfuniko ukiwa bado umefunga, akampa mkewe.

"Kirudishe ndani."

Vestina alikirudisha. Mutembei aliondoka pale bila kutafuna kahawa, akiwa na kitenge chake na sukari yake, na majirani waliokuwa wakivuna senene upande wa pili wa ua walimwona. Kabla ya jua kuzama Kagoma yote ilijua.

Siku tatu Mzee Aristides hakugusa kalamu. Jambo lenyewe lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Akinyamaza, jopo litakirudisha kitabu na Amos atakufa mara ya pili. Akisema uongo, Amos ataishi, akiwa amevaa jina la Mutembei. Na akisema kweli, lazima aanze kwa kukiri kwamba yeye, Aristides Kahangwa, mtu wa kweli tupu, aliongeza chumvi.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kitabu cha kijani kilieleza vizuri kwamba Amos alipokuwa balozi mdogo kwenye bandari moja ya Afrika Magharibi, Fenton alituma serikalini barua ya siri isiyo na jina, akamzulia kula rushwa. Amos akaitwa nyumbani kwa aibu. Alipoonyeshwa ile barua aliutambua mwandiko, kwa kuwa walijifunzia kwenye kibao kimoja. Lakini kuhusu upendo wa watu hao wawili kitabu kilisema mstari mmoja tu: walikuwa marafiki tangu ujana. Aristides aliusoma mstari huo akauona wa baridi. Msomaji wa Kagoma angeuliza, rafiki tu? Basi kuna maajabu gani? Ndipo akamkopesha Amos kile kilichokuwa chake. Usiku ule alijiambia ni tafsiri.

"Unaogopa tumbo?" aliuliza Vestina siku ya tatu, akimenya ndizi. "Kwamba ukimsema munywani wako litavimba?"

"Siogopi tumbo. Naogopa watu wa Kagoma waseme, kumbe naye alidanganya."

"Watasema."

"Watasema mwaka mzima."

"Watasema mpaka senene wengine waje, halafu watapata jingine." Alitupa ganda. "Mimi ulinifundisha kusoma kwa daftari za hicho kitabu, Baba Joviana. Nilikuwa nakuuliza, hili ni kweli? Unasema, kweli tupu. Mimi ndiye wa kwanza kudanganywa, na bado nakupikia."

Mzee alicheka, bila kutaka. Kisha akaenda kutafuta kalamu.

*Mhariri Petronila, salaam. Mimi ni yule mzee wa Kagoma. Ukurasa wa sitini na moja si kweli, na aliyeuandika ni mimi. Amos Ledyard hakutafuna kahawa na mtu yeyote. Waliotafuna ni vijana wawili wa darasa la jioni la Kagoma, mwaka 1973: mimi, na huyo ambaye jina lake liko kwenye jalada. Ukurasa huo uondolewe, hata kama kitabu hakitarudi kwangu kamwe. Kurasa nyingine zote ni kweli, nazo pia niliziandika mimi. Rasimu za mkono ninazo, daftari sita, pamoja na barua za maktaba ya Marekani. Njoo uzione. Wakili Mutembei amekwisha kupata nakala ya barua hii, kwa sababu Amos alishtakiwa gizani, na mimi sitamfanyia mtu hivyo.*

Nakala aliinakili kwa mkono na kuitanguliza Bukoba kwa kondakta wa basi la asubuhi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne: anayetajwa hupelekewa karatasi mkononi kwanza, ndipo shauri lianze. Barua yenyewe aliiacha mezani, wazi, siku mbili.

Siku ya pili simu ililia.

"Umeniua," alisema Mutembei. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa mahali peke yake. "Miaka hamsini, Aristides. Watoto wangu wataisoma hii."

"Waisome. Nimeandika wazi."

"Ungeweza kunishtaki kimyakimya. Ningekulipa. Lakini hili la kahawa! Hili ulilazimika kuliandika?"

"Ndilo pekee waliloliuliza."

"Bado hujaituma?"

"Bado."

Mzee Aristides alisubiri. Alikuwa tayari kusikia neno moja la toba, na kama lingesemwa, hajui hata leo angefanya nini. Upande wa pili Mutembei alivuta pumzi.

"Nikiweka na jina lako, chini ya langu? Kwa herufi ndogo kidogo?"

"Kwaheri, Alexander," alisema mzee. Alikuwa hajamwita kwa jina hilo tangu 1973.

Alikunja barua mara tatu, sawasawa, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Kutoka kwenye sanduku la bati alitoa kipande cha lakiri nyekundu, kilichobaki tangu enzi za mahakama, akakiyeyusha kwa mshumaa juu ya ulimi wa bahasha.

"Bonyeza kwa gumba," alisema Vestina.

"Gumba ni sahihi ya baba yangu, ambaye hakusoma," alisema, akabonyeza kwa kifuniko cha kalamu.

Alivaa lile koti la kijivu, akapanda gari la Muleba. Posta, binti wa dirishani alipima bahasha, akauliza kama ni ya kawaida au ya rejesta.

"Rejesta."

"Jina la mtumaji, mzee?"

Alilitaja lote, polepole, akamwangalia akiliandika, akamwambia arudie kusoma. Binti akasoma. Akagonga muhuri mara mbili, akageuka, akaitupa bahasha kwenye gunia la Mwanza.